Kontakteri ya mashini si mambo ya fundi peke yake



Kila mwaka, mvua ikianza kuisha na mahindi ikiingia katika ghala, makomite wanatuuliza juu ya mbegu, mbolea na bei. Ni vizuri. Lakini mashini ya kusaga ikikufa katika wiki hiyo, bei nzuri haisaidie kitu: mahindi inabaki katika magunia, na wamama wanarudilia kinu. Na mara mingi si mota iliyoanza kufa. Ni kipande kimoja ndani ya kofre ya umeme, kikubwa kama ngumi: kontakteri. Maoni yetu ni haya: kuchagua kontakteri ni kazi ya koperative nzima. Fundi asiachiwe peke yake, na muuzaji wa soko asichague kwa nafasi yetu.

Kontakteri inafanya nini? Mutu anasukuma buto ya kijani. Umeme mdogo unaingia katika bobini, bobini inakuwa sumaku, inavuta vyuma vya ndani, na umeme mkubwa unapita mpaka kwa mota. Akisukuma buto nyekundu, sumaku inaachilia. Umeme ukikatika ghafula, sumaku inaachilia yenyewe. Na kama kofre imefungwa vizuri na buto za kusukuma, umeme ukirudi mashini haianze peke yake. Hilo ni jambo kubwa. Grupu ikizimika, musagaji anaingiza mukono kutosha unga uliokwama. Ndiyo maana hatukubali kabisa ile tabia ya kukaza kontakteri na kipande cha muti wakati bobini imeungua. Muti hauachilie. Na mukono hauuzwe sokoni.

Sasa, kuchagua. Anzeni na plaki ya mota. Mota ya 7,5 kW, fazi tatu, 400 V, inakula karibu 15 A. Lakini wakati wa kuanza inavuta mara 5 mpaka 7 ya hiyo. Sasa soma kontakteri yenyewe, kwa maana inabeba namba mbili. AC-1 ni ya vitu vya joto, kama rezistansi ya kupikia. AC-3 ndiyo ya mota. Kontakteri inayoandikwa 25 A katika AC-1, mara mingi ni ya 9 A tu katika AC-3. Mukulima anaona « 25 », anasema: inapita 15, inatosha. Anailipa, anaifunga, na kisha siku kidogo vyuma vya ndani vinashikana kwa moto. Kwa mota ile ya 15 A, ombeni 18 A katika AC-3. Zile ndogo kabisa, za 6, 9 ao 12 A, zinafaa kwa pompe ndogo ya maji: pompe ya 4 kW inakula karibu 9 A, basi 12 A inaipa nafasi ya kupumua.

Kisha tazama bobini, pale panapoandikwa A1 na A2. Iko bobini ya 24 V, ya 230 V, ya 400 V. Ukiweka ya 230 kwa 400, inaungua mara moja. Na bobini inahitaji hesabu ya umeme isishuke chini ya 85 kwa mia. Grupu ndogo ikilemewa, umeme unashuka, kontakteri inaanza kulia « trrrr » na vyuma vinachomeka. Wakati ule kubadilisha kontakteri ni kutupa feza. Ugonjwa uko kwa grupu, ao kwa waya iliyo nyembamba na ndefu.

Kuifunga nako kuna sheria. Kwanza, zimisha grupu na funga dijonkteri. Kontakteri inasimama wima juu ya reli yake ya milimita 35. Chini yake inakaa rele ya joto, inayopangwa kwa ampere za plaki ya mota, wala si zaidi. Kontakti yake 95-96 inapita katika njia ya bobini, ili mota ikilemewa bobini ikatwe. Mbele yake weka fizibe ao dijonkteri, kwa sababu kontakteri yenyewe haizuie waya zikigusana. Usisahau waya ya udongo. Kofre iwe ya kufunga sana na ikae ukutani, mbali na mashini inayotetemeka: vumbi ya unga inaingia kila pahali, na inaweza kushika moto. Kisha juma moja, kaza tena mavisi yote.

Tunajua jibu la wengi: « Ile ya bei chini ndiyo iko sokoni, na mahindi haingoje. » Ni kweli. Kamina ni njia panda ya reli, ya Lubumbashi, ya Ilebo na ya Kalemie, lakini kipande kizuri kinaweza kukawia njiani. Basi kiagizwe kiangazi, wakati hakuna haraka. Anayenunua katika haraka ananunua kile anachoonyeshwa. Na tofauti ya bei kati ya kontakteri mbili ni ndogo sana mbele ya kubobina mota upya, tena mbele ya wiki mbili bila kusaga.

Tunaomba kila komite, katika mukutano unaokuja, ifanye mambo matatu. Andika plaki ya mota katika kaye ya koperative: kW, volti, ampere. Tenga feza ya kontakteri moja ya akiba, yenye AC-3 na bobini inayofanana na ile ya kofre. Na muitikie pamoja kwamba hakuna mutu atakayekaza kontakteri na muti, hata foleni ya wamama ikifika barabarani. Kaye ikiwa na namba hizo, hata mutu ambaye hakusoma umeme anaweza kumwambia muuzaji: apana, hii si yetu.