Mteja Akilipa Tu, Tusimuulize? Somo la Kahawa ya Amin kwa Mkulima wa Leo

 

Wiki hizi maswali mengi mnayonitumia ni ya bei na masoko, na ni haki yenu kabisa. Lakini kuna kauli moja naisikia sana kwa vijana mnaolima kibiashara, na nimeona leo niijibu vizuri: "Afisa, mteja akinilipa keshi, mimi simuulizi mzigo unakwenda wapi. Biashara ni biashara, siasa tuwaachie wanasiasa."

Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Mkulima hawezi kuwa polisi wa dunia. Anayenunua mahindi yako Jumanne hakuletei cheti cha tabia njema. Ila kuna wakati kumlipa mtu pesa ni sawa na kumlipia risasi, na mwenye kampuni hawezi kusema hakujua. Tena sisi wa Kagera ndio watu wa mwisho kabisa kusema eti biashara haina uhusiano na vita. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Kahawa iliyonunua silaha

Mimi nafanya kazi huku Missenyi, ng'ambo ya mto Kagera. Vita vilipotokea nilikuwa bado sijazaliwa, na wengi wenu pia. Tunajua tulichofundishwa shuleni: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua raia, yakapora maelfu ya ng'ombe, yakaharibu kiwanda cha sukari, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto ni ya Uganda. Mwalimu akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Ambacho shuleni hatukuelezwa sana ni hiki: pesa za kuendesha lile jeshi zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye kahawa. Kufikia mwaka 1978 zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni za Uganda zilikuwa zinatokana na kahawa. Amin alikuwa amewafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vikafa, pamba na chai vikaporomoka, ikabaki kahawa peke yake. Halafu Julai 1975 baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazil, na bei ya dunia ikapanda hadi kilele chake mwaka 1977. Yaani pale uchumi wake ulipokuwa taabani, soko la dunia likamwongezea dola.

Na hizo dola zilitoka kwa nani? Kwa kampuni za kawaida tu za kukaanga kahawa. Marekani peke yake ilikuwa inanunua takriban theluthi moja ya kahawa ya Uganda, na nyingine ilikwenda Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Mtu alikuwa anakunywa kikombe chake asubuhi huko Ohio, na sehemu ya bei ya kile kikombe inaishia kwenye mishahara ya askari wa Amin, mafuta ya magari yao na silaha zao. Kulikuwa na ndege zinazotoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zikileta whisky na vitu vya anasa ili askari waendelee kumpenda mkubwa wao. Pesa ya kulipia hayo ilikuwa ni hiyohiyo ya kahawa.

Walivyojitetea

Kampuni zilipoulizwa, majibu hayakuwa tofauti sana na ninayoyasikia kwenu. Zilisema mauaji ya Uganda ni ya kulaani, ila suala la nani afanye biashara na nani ni la serikali, siyo la mfanyabiashara. Serikali ya Rais Carter nayo mwanzoni haikutaka vikwazo. Kila mmoja akawa anamtazama mwenzake.

Wapo walioamua bila kusubiri. Procter & Gamble, wenye kahawa ya Folgers, waliacha kununua kahawa ya Uganda kabla sheria haijapita. Mbunge mmoja wa Ohio, Don Pease, alikuwa anaisukuma hoja hiyo bungeni, na hatimaye sheria ya kuzuia biashara na Uganda ikasainiwa Oktoba 1978.

Someni hiyo tarehe tena. Oktoba 1978 ndio mwezi uleule ambao askari walivuka kuja kwetu. Silaha zilishanunuliwa zamani na mishahara ilishalipwa. Bunge la Marekani lilichukua hatua kwa sababu ya Waganda waliokuwa wanauawa na serikali yao, na ilikuwa sawa kabisa. Lakini mzee wa Kyaka aliyechomewa nyumba hakupata faida ya ile sheria, kwa sababu ilikuwa imechelewa miaka.

Msinielewe vibaya. Sisemi vikwazo ndivyo vilivyomwangusha Amin. Aliyemwangusha ni JWTZ pamoja na Waganda waliopigana bega kwa bega nao, na nchi yetu ikaambiwa ifunge mkanda miezi 18, mkanda ambao kwa kweli ulikaa miaka mingi zaidi. Ninachosema ni kwamba ile gharama tuliyolipa sisi, kuna watu walikuwa wamepata faida kabla yake. Na ishara zilikuwepo. Mwaka 1972 ndege za Amin zilikuwa zimeshapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Aliyeendelea kununua baada ya hapo alijua anamlipa nani.

"Lakini si unamuumiza mkulima?"

Hii ndiyo hoja nzito, na kama afisa ugani siwezi kuiruka. Ukiacha kununua kahawa ya nchi fulani, anayeumia si mkulima wa kule ambaye hana kosa?

Jibu langu: fuata pesa uone inaishia wapi. Uganda ya wakati ule kahawa yote kisheria ilipitia bodi ya serikali, Coffee Marketing Board. Dola ziliingia kwa bodi, mkulima akalipwa shilingi za Uganda kwa bei iliyopangwa juu huko. Bei ya dunia ilipopanda, iliyopanda zaidi ni sehemu ya serikali. Mkulima akaona hapana. Wengine wakaiacha mibuni izidiwe na magugu wakapanda chakula, wengine wakavusha kahawa kwa magendo kwenda Kenya, hadi Chepkube pale mpakani ikawa na jina kubwa. Amin akaanza kuwawinda wa magendo ziwani. Kwa maneno mengine, mkulima mwenyewe alikuwa ameshaanza kuinyima serikali kahawa yake, tena kwa kuhatarisha maisha, wakati kampuni kubwa zinaendelea kulipa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hicho: pesa yangu inamfikia mwananchi, au inaishia kwa mwenye bunduki? Kama inamfikia mwananchi, una sababu ya kuendelea. Kama inaishia kwa mwenye bunduki, usijifiche nyuma ya mkulima.

Mbegu, ngano na mbolea za leo

Mtasema hayo ni ya wazee. Haya, tuje ya sasa.

Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, baada ya kuichukua Crimea mwaka 2014. Hapa tena ishara zilikuwepo miaka minane. Na kampuni zilizobanwa na swali hili ni zile ambazo majina yake mnayaona kwenye mifuko ya mbegu na chupa za viuatilifu.

Corteva ilitangaza Aprili 2022 kwamba inaondoka Urusi. John Deere ilisimamisha kupeleka matrekta. Bayer ilisimamisha biashara isiyo ya lazima, lakini ikaendelea na dawa za binadamu na pembejeo za kilimo, ikisema kuwanyima raia vitu hivyo kutaongeza vifo na njaa. Cargill ilibaki kwa hoja ya chakula, halafu ikaacha kushughulika na upakiaji wa nafaka za Urusi za kuuzwa nje kuanzia Julai 2023.

Nani yuko sahihi? Hoja ya Bayer siidharau. Mbegu siyo whisky. Ukimnyima mtu mbegu leo, njaa inakuja msimu ujao, na inaanza na maskini. Lakini kuna mambo mawili yananitatiza. Kwanza, Urusi siyo nchi yenye njaa. Ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza ngano nje. Pili, kampuni inayobaki inalipa kodi kwa serikali inayopigana, na sheria ya kule inamtaka mwajiri asaidie kuwafikishia wafanyakazi wake wito wa jeshi. Na ukichelewa, hata kuondoka kunakuwa na bei: serikali ya Urusi iliweka masharti kwamba kampuni ya kigeni inayouza mali iombe kibali, iuze kwa punguzo kubwa, na ichangie hazina. Unaondoka huku unamlipa.

Wakati huohuo mkulima wa Ukraine ana mabomu ya ardhini shambani. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba matrekta na mashine za kuvunia ziliporwa kwa wakala wa John Deere mjini Melitopol zikapelekwa hadi Chechnya, zikafungwa kwa mbali zisiwake. Mkulima mwenzangu, mashine za kuvunia ndio ng'ombe wa Missenyi wa mwaka 1978.

Na wewe na mfuko wako wa mbolea?

Sasa kuna atakayeniuliza: "Afisa, mbolea yetu si ndiyo hiyohiyo inatoka Urusi? Kwa hiyo nisinunue?"

Hapana. Sikwambii hivyo. Mwaka 2022 mfuko wa DAP ulipita shilingi 100,000 hadi serikali ikaleta ruzuku na kuushusha kwenye 70,000. Mnakumbuka watu walivyopanda bila mbolea. Hata Marekani na Umoja wa Ulaya hawakuiweka mbolea kwenye vikwazo sawa na bidhaa nyingine, kwa sababu walijua atakayelala njaa ni wa Malawi na Kenya. Mkulima wa ekari mbili anayenunua mfuko mmoja uliopo dukani hana deni na mtu yeyote.

Kipimo changu cha pili ndicho hicho: wajibu unakwenda na uwezo wa kuchagua. Mwenye ekari mbili na duka moja hana chaguo. Kampuni yenye masoko 50 inalo. Na wewe kijana unayeanza kuuza makontena ya parachichi, unayesimamia AMCOS, unayesaini mkataba wa tani 200, unalo chaguo zaidi ya baba yako. Kadiri unavyokua, ndivyo ile kauli ya "simuulizi" inavyokutoka mdomoni kama uongo.

Kwa hiyo nawashauri hivi:

1. Kwenye mkataba wowote mkubwa, liandikwe jina la mnunuzi halisi na mzigo unakoishia. Tunawakemea wanaonunua kahawa kwa butura, mibuni ikiwa bado na maua, kwa sababu wanajificha na wanakupunja. Mnunuzi wa tani 200 asiyetaka kujulikana muogopeni zaidi.

2. Bei ikizidi soko kupita kiasi bila maelezo, uliza. Eneo lenye vita huwa linalipa vizuri, na kuna sababu.

3. Kikundi kiamue mapema, kwenye kikao na kiandikwe kwenye muhtasari, ni mteja wa namna gani hamtamuuzia. Siku pesa ikiwa mezani hamtaweza kufikiri.

4. Punguzeni utegemezi. Pimeni udongo msiweke mbolea kwa kubahatisha, tumieni samadi na mboji, na pale udongo unapofaa tumieni fosfeti yetu ya Minjingu. Mwenye njia mbili ndiye anayeweza kukataa moja.

Najua wapo watakaosema tusipouza sisi, atauza jirani. Inawezekana kabisa. Hata mwaka 1978 kahawa iliyokataliwa na mmoja ilinunuliwa na mwingine. Lakini mahesabu ya jirani ayafanye jirani. Mimi nataka kijana wa Kagera, ambaye babu yake alikimbia na mtoto mgongoni kwenda kusini mwa mto, asiwe yeye anayempelekea chakula mvamizi wa watu wengine halafu aseme ilikuwa biashara tu.

Limeni vizuri, uzeni vizuri, na ulizeni. Tukutane shambani.