Bangili ya Shaba na Nyundo ya Thor

Mtu wa Pwani akifika Mayoni, katika Matungu, Kakamega, asijione mgeni sana. Nchi hii waliifikia wazee wetu wa misafara katika karne ya 19, wakienda kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Aliwapokea, na wengi katika jamaa yake wakasilimu.

Kabla ya hapo Wawanga walikuwa na alama zao za enzi, na mojawapo ni bangili ya shaba. Husimuliwa kwamba Wanga, aliyeuasisi ufalme, alifika Imanga akatumikia watu huku bangili kaificha. Ilipoonekana, akajulikana kuwa ni mwana wa mfalme, akaachiwa utawala.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya ujahili, afadhali yasahauliwe. Sisi twaona vingine.

Watu wa Ulaya ya kaskazini nao waliabudu masanamu. Walivaa shingoni kijinyundo cha Thor, mungu wao wa radi, na katika hadithi zao nyundo hiyo huwekwa magotini pa bibi arusi ili kumbariki. Ukristo ulipoingia, mila haikukatika kwa siku moja. Huko Denmark limepatikana jiwe la kusubia la karne ya 10, ambalo fundi alisubia misalaba na nyundo pia. Kila mteja alipata chake.

Na ni nani aliyetuandikia habari za watu hao kwa macho yake? Ni Mwislamu, Ahmad bin Fadhlan, mjumbe wa Khalifa wa Baghdad. Mwaka 922, kando ya mto Volga, aliwaona wafanya biashara wa Kirusi wakisujudia gogo lenye sura ya mtu, wakiliomba liwaletee wanunuzi. Hakuyakubali, wala hakuyaficha. Aliyaandika, na hata leo wanachuoni wa Ulaya humtegemea yeye.

Basi kuandika si kuamini. Baraka yatoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Bangili haimbariki mtu. Lakini bangili ni ushahidi wa ufalme uliowafungulia mlango wazee wetu. Mumia alifariki mwaka 1949, na wanaozijua simulizi hizi kwa kuzipokea vinywani mwa wazee wanazidi kupungua.

Vijana wa Mayoni, na wa Mombasa pia, chukueni kalamu mkawaulize. Mzee akishazikwa, haulizwi tena.