Kifungo cha Nje si Msamaha

Ndugu waamini, katika vikao vya Jumuiya Ndogo Ndogo, kuanzia Ujiji hadi Kibirizi, tumelisikia neno lile lile: "Fulani katoa kitu, ndiyo maana karudi nyumbani." Kijana ametiwa hatiani asubuhi, na jioni yuko mwaloni akishona wavu. Majirani wanamhukumu upya, naye mwenyewe anajiona amesamehewa. Pande zote mbili zimekosea.

Kinachoitwa mitaani "kifungo cha nje" ni maagizo zaidi ya moja. La kwanza limo katika kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu. Hakimu akiona, kwa kutazama aina ya kosa na tabia ya mkosaji, kwamba haifai kumwadhibu, aweza kumwachilia kwa sharti kwamba asitende kosa lolote kwa muda usiozidi miezi 12. Akitenda, lile la kwanza linafufuka: aweza kuadhibiwa kwa hilo juu ya lile jipya. Ugomvi wa kilabuni katika mwezi wa 11 waweza kumfikisha gereza la Bangwe kwa wizi aliodhani umekwisha sahauliwa. Sheria inamtaka hakimu amweleze hayo kwa lugha ya kawaida kabla ya kutoa amri. Lakini mtu aliyesimama kizimbani huku magoti yakitetemeka husikia neno moja tu: "nenda." Kwa hiyo tunaomba ndugu mmoja awepo mahakamani, asikilize yaliyobaki.

La pili ni kuwekwa chini ya afisa wa uangalizi, na mkosaji mwenyewe lazima aridhie. Hapa masharti huongezeka, nayo huwabana hasa watu wa ziwa. Mvuvi hufuata dagaa. Giza la mwezi likiingia huhamia kambini, pengine Kalya, pengine huvuka hadi Congo, na nyumbani haonekani kwa wiki tatu. Aliyeamriwa kuripoti, au kukaa mahali fulani, akiondoka bila kumwarifu afisa wake amevunja amri, hata kama hajaiba dagaa mmoja. Wengi huvunja kwa njaa wala si kwa jeuri. Afadhali aende kwa afisa mapema, amweleze kazi yake ilivyo.

Tena ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, kwa makosa ambayo kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3. Anayefagia uwanja wa zahanati bila malipo anatumikia adhabu, tusimcheke.

Na aliyeibiwa je? Swali hili ni la haki, na hatupendi linavyopuuzwa. Mama aliyepoteza wavu hashibi kwa kuambiwa mwizi ana masharti. Mahakama yaweza kuamuru fidia mtu akitiwa hatiani, lakini asiyeiomba mara nyingi haipati. Wazee wa kigango wamsaidie kuiomba kabla hukumu haijatolewa.

Rushwa ipo, hatukatai. Mwenye ushahidi aupeleke TAKUKURU, asiutandaze mtaroni na kisimani.

Viongozi wa walei, mtu wenu akirudi kutoka mahakamani, mwombeni awaonyeshe amri yake. Isomeni naye polepole. Andikeni tarehe inapoanza na inapokwisha, na jina la afisa kama yupo. Kama hana nakala, aongozaneni naye kwa karani wa mahakama wiki hiyo hiyo, kabla mwezi haujaingia gizani.