Huzuni ya Mjamzito Si Upungufu wa Imani



Liko jambo limezoeleka majumbani mwetu, nalo ni hatari. Mwanamke hushika mimba, kisha wiki zikapita hapati usingizi, chakula hakitaki, hulia pasi na sababu inayoonekana, na mtoto aliye tumboni hamfurahii. Mume husema, "Anadeka." Mkwewe husema, "Ana jini, apelekwe kwa mganga." Na baadhi ya walinganiaji husema, "Imani yake dhaifu, azidishe nyiradi." Watatu wamekwisha hukumu, wala hakuna aliyemuuliza mwenyewe!

Tuanze na huyo mlinganiaji, kwani yeye husema kwa jina la dini. Je, amesahau habari ya Maryam (A.S.)? Qur'ani, katika sura yenye jina lake, yatueleza kuwa uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alitamani lau angekufa kabla ya siku ile. Naye ni mwanamke aliyetakaswa na kuteuliwa. Imani yake ilikuwa dhaifu? Hakukemewa, bali aliliwazwa asihuzunike, akapewa maji na tende. Basi sisi tumepata wapi haki ya kukemea?

Ama mwenye kukimbilia hirizi na kombe, Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu, akatufahamisha kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yana dawa. Dua ina nafasi yake, lakini asomewaye hakukatazwa kutibiwa. Mbona kwa malaria hatusiti kwenda hospitali?

Na hii sonona si ndogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, wajawazito wapatao 16 katika kila 100 wana maradhi ya akili, hasa sonona. Na baada ya kujifungua idadi hukaribia 20. Mwenye sonona huacha kliniki, hula kidogo, na wengine hufikia kujiua.

Wala asiseme mtu kuwa tiba yake ni ya matajiri. Huko Rawalpindi, Pakistan, katika vijiji vya Waislamu wenzetu, wahudumu wa afya wa kike wenye elimu ya sekondari walifunzwa kwa siku mbili namna ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona. Waliwatembelea tangu mwezi wa mwisho wa mimba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: watoto walipotimiza miezi sita, mama 23 katika 100 walikuwa bado na sonona, kwa waliopata ziara za kawaida tu walikuwa 53. Hapakuwa na dawa ghali, bali mazungumzo yenye mpango.

Basi twataka mambo matatu. Kliniki zinazopima damu na uzito wa mjamzito zimuulize pia hali ya moyo wake, tangu hudhurio la kwanza. Makhatibu waliseme hili juu ya mimbari. Nawe mume, ambaye neno lako ni "anadeka", keti naye, msikilize, kisha mfuatane kliniki.

Mke ni amana. Kesho tutakapoulizwa juu yake, jawabu la "tulidhani ni jini" litatufaa nini?

Wabillahi tawfiq.