Mkoloni hafutwi, hujibiwa!

NDUGU msomaji, mara ngapi umekaa kijiweni na kikombe cha kahawa mkononi, ukamsikia kijana mwenzako akisema: "Afadhali mzungu arudi atutawale"? Anayesema hivyo si mwendawazimu. Cheti chake cha kidato cha nne kinachakaa ndani ya bahasha, mgambo wa jiji kamnyang'anya meza yake ya mitumba, na asubuhi hiyohiyo kapishana na shangingi la kigogo lililofunga vioo. Ile kauli ni hasira. Tunacheka, tunaagiza kahawa nyingine, yanaisha.

Mwaka 2017 kauli hiyohiyo ilivaa suti na tai. Profesa wa siasa wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani, Bruce Gilley, aliandika makala ya kutetea ukoloni. Alidai kwamba kwa jumla ukoloni ulikuwa na faida, kwamba ulikuwa halali machoni pa waliotawaliwa, na kwamba zipo nchi ambazo zingefaa kutawaliwa tena. Na alichapishwa wapi? Katika Third World Quarterly, jarida la kitaaluma lililoanzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya mambo ya nchi zetu sisi wa Dunia ya Tatu!

Moto ukawaka. Maelfu ya watu walitia saini kutaka makala iondolewe. Wajumbe 15 kati ya 34 wa bodi ya wahariri wakajiuzulu. Mwandishi mwenyewe akaomba iondolewe. Mwezi Oktoba 2017 wachapishaji, kampuni ya Taylor & Francis, wakaiondoa.

Sasa simama hapo usome sababu waliyoitoa. Hawakusema makala ni ya uongo. Hawakusema imepikwa. Walisema uchunguzi wao umeonyesha kuwa ilipitiwa na wataalamu kama taratibu za jarida zinavyotaka, isipokuwa mhariri ametishiwa kudhuriwa, na vitisho vyenyewe si vya mchezo. Basi. Makala haikushindwa kwa hoja, ilishindwa kwa ngumi.

Wengi walishangilia. Mimi nasema walishangilia goli la kujifunga wenyewe.

Tazama kilichofuata. Mwaka 2018 makala ileile ilichapishwa na jarida jingine la Marekani, Academic Questions. Mwaka 2019 profesa alialikwa Berlin na wabunge wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, akaitetea hoja yake ndani ya jengo la Bunge la Ujerumani. Mwaka 2022 akatoa kitabu kizima cha kutetea ukoloni wa Kijerumani. Wa Kijerumani, ndugu yangu! Yaani babu zako na babu zangu. Mtu aliyekuwa anajulikana na wasomi wachache akageuka shujaa aliyezibwa mdomo. Ukimfunga mtu mdomo, watu wanataka kujua alikuwa anataka kusema nini.

Hebu fikiri angejibiwa palepale, katika jarida lilelile, ukurasa kwa ukurasa. Gilley anasema watawaliwa waliupenda utawala ule, ndiyo maana walihamia karibu nao na kupeleka watoto kwenye shule na hospitali zake. Jibu halitaki digrii. Mimi niliishia sekondari na naliweza.

Twende Umatumbi, Julai 1905. Pale Nandete watu waliting'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu. Walikuwa na kodi juu yao na viboko mgongoni. Hiyo ndiyo ikawa Vita ya Maji Maji, iliyoendelea hadi 1907. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, na wengi hawakufa kwa risasi bali kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilichukuliwa Ujerumani na halikurudi Uhehe hadi mwaka 1954. Je, watu walioupenda utawala ndio wanaonyongwa hivyo?

Na hizo shule na hospitali? Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka baada ya miaka 43, walituachia wahandisi wawili na madaktari 12. Wawili na 12, nchi nzima! Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda mwenyewe Songea akaomba msamaha. Mwenye deni amekiri, lakini wakili aliyejipachika bado anabisha.

Jibu kama hilo lingemwacha profesa uchi mbele ya wasomi wenzake. Noam Chomsky alikuwa mjumbe wa bodi hiyohiyo, na hakuna anayeweza kumwita rafiki wa wakoloni. Hakujiuzulu. Alisema dawa ni kuijibu makala, siyo kuiondoa. Hakusikilizwa.

Utaniuliza: kwani jarida halina haki ya kufuta makala? Inayo, tena ni wajibu wake pale uongo unapothibitishwa. Mwaka 2010 jarida la The Lancet la Uingereza lilifuta makala ya mwaka 1998 ya daktari Andrew Wakefield, iliyowatia wazazi hofu kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji. Ilichunguzwa, ikakutwa na madai yasiyo ya kweli, ikafutwa, na sababu zikaandikwa watu wakazisoma. Hiyo ni halali. Hata wale 15 waliojiuzulu nawavulia kofia, maana walisema hawakushirikishwa wakaondoa majina yao wenyewe. Lakini aliyemtishia mhariri hakuondoa kitu chake, aliondoa cha mwingine.

Sasa tuje nyumbani, maana nguo ya jirani ikiungua nawe angalia yako. Septemba ileile ya 2017, wakati wasomi wa Ulaya na Marekani wanagombana, Serikali yetu ilikuwa na kalamu yake nyekundu. Mawio lilikuwa limekwisha kufungiwa miezi 24 tangu Juni. Septemba likafungiwa MwanaHalisi, miezi 24. Mwisho wa mwezi Raia Mwema, siku 90. Oktoba, Tanzania Daima, siku 90. Ilikuwa Februari 2022 ndipo magazeti manne yaliporudishiwa leseni.

Wakubwa walisema nini? Uongo, uchochezi. Haya, kama gazeti limesema uongo, Serikali ina redio, ina televisheni, ina magazeti yake na ina wasemaji wanaolipwa kwa kodi yako. Inashindwaje kujibu? Inafungia kwa sababu kujibu kunataka vitabu vya hesabu vifunguliwe, na wenye ulaji hawataki vifunguliwe.

Ndiyo maana nasema, kijana wa mageuzi, huwezi kupiga makofi makala ya Gilley inapofutwa kwa vitisho halafu ukalia gazeti lako linapofungiwa kwa amri. Ni kisu kilekile, kimebadilisha mkono tu. Na ninyi mnaompokonya mwanachama mwenzenu kipaza sauti kwa kuwa kauliza ruzuku imekwenda wapi, msijifanye hamsikii. Kesho mkiingia Ikulu mtamnyang'anya nani?

Turudi kijiweni. Yule anayesema mzungu arudi hajamsoma Gilley wala hatamsoma. Hoja ile aliandikiwa hapahapa, na wale waliopokea uhuru mwaka 1961 kwa niaba yetu sote kisha wakaugeuza mali ya chama kimoja. Kila mgambo anapomwaga nyanya za mama lishe barabarani, anamwandikia Gilley ukurasa mwingine. Kila kijana anayezungusha vyeti mpaka soli zinaisha ni shahidi wa profesa, bila kutaka. Unaweza kufuta majarida yote ya dunia, ushahidi huo utabaki mtaani unatembea.

Kwa hiyo akisema tena, usimzomee wala usimnyamazishe. Muulize kama anaijua Nandete. Mweleze habari za maghala yaliyochomwa, wahandisi wawili na madaktari 12. Akishaelewa kwamba mzungu hakuja kumletea ajira, mhesabie nani amekaa madarakani tangu mkoloni ashushe bendera yake, kisha muulize kama kadi yake ya kupigia kura iko wapi.

Hoja haipigwi rungu.