Kufuli tatu na fomu moja

Mwanajumuiya mwenzetu amerudi kutoka Lushoto na picha ya sanduku la kikoba cha mama yake. Ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo wanazo akina mama watatu, na sanduku analala nalo wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Siku ya kikao salio hutajwa kwa sauti na kila mtu hulikariri, ajuaye kusoma na asiyejua. Mtindo huu wa kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Leo vijijini kwetu nani hajui kikoba?

Akina mama hao wanataka chumba cha baridi, maana karoti zao zinaoza kabla ya kufika Dar es Salaam. Je, taasisi za hisani za hapa Marekani haziwezi kuwasaidia?

Pesa zipo. Sheria inaitaka taasisi binafsi ya hisani itoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yake iliyowekezwa. Lakini ikitaka kukipa fedha kikundi cha nje ya nchi, ama ithibitishe kwamba kikundi hicho kinalingana na shirika la hisani la hapa, ama ifuatilie kila dola na kuitolea taarifa kwa mamlaka ya kodi. Nani anataka usumbufu huo kwa kikoba cha watu 25? Hela hupewa shirika kubwa lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani ya hisani isiyotozwa kodi, nalo likishakata gharama zake huteremsha kilichobaki.

Halafu kuna ugonjwa wa kulipia vitu na kuwasahau watu. Taasisi moja iliwahi kukubali kulipia pampu ya maji kule kwetu, ikakataa posho ya fundi wa kuitunza. Pampu bado inang'aa. Maji ndiyo hayatoki. Wapo walioanza kujirekebisha: Ford Foundation, kwa mpango wake wa BUILD wa mwaka 2016, ilitenga dola bilioni 1 za ruzuku za miaka mitano ambazo asasi hujipangia matumizi, na tajiri MacKenzie Scott hutoa bila masharti kabisa. Bado ni wachache.

Jumuiya yetu ina hadhi hiyo ya 501(c)(3), na mpaka leo tumeitumia kwa misiba na pikiniki. Kamati inapendekeza tuwasimamie akina mama wa Lushoto, ruzuku yao ipitie kwetu. Tahadhari: hatuwezi kuwa bomba la kupitishia hela tu. Ni lazima bodi yetu iamue yenyewe, ifuatilie na iwajibike. Tena tusiombe kwa kubahatisha. Fomu 990-PF ya kila taasisi iko wazi kwa umma, na inaonyesha nani alipewa kiasi gani. Tuanze na waliokwisha kuvipa fedha vikundi vidogo, na kwenye bajeti mhasibu awekwe mstari wa kwanza.

Tunahitaji wawili waliozoea vitabu vya hesabu. Mkutano ni Jumapili, saa nane mchana, ukumbi uleule. Mwenye picha ya daftari la kikoba cha kwao aje nayo.