Uso Katika Picha Hautoshi

Wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliokwisha maliza masomo hapa,

Kila siku tangazo la sabuni au mafuta hutuambia tununue nini, na tena hutufundisha nani mzuri. Lakini ni wachache kati yetu wanaouliza: Je, tangazo hili limetungwa na nani?

Swali hili si dogo. Mwaka 1968 Tume ya Haki za Binadamu ya mji wa New York, huko Marekani, ilichunguza kwa nini watu weusi walikuwa wachache mno katika kampuni za matangazo. Mwaka 2006, yaani miaka 38 baadaye, tume ile ile ilikuwa ingali na shauri lile lile, hata kampuni 16 zikatia sahihi mapatano ya kuwaajiri watu weusi zaidi.

Wako watakaosema, "Ufundi hauna rangi; ajuaye kazi ataajiriwa." Nami nasema, ikiwa ufundi hauna rangi, mbona ofisi za mji wenye watu wa kila rangi zilijaa watu wa rangi moja? Kazi nyingi za namna hiyo hupatikana kwa kujuana, na asiye na jamaa ndani hubaki mlangoni.

Wengine watasema, "Lakini siku hizi watu weusi wamo katika picha." Hapa ndipo penye hoja yangu. Mwezi wa Oktoba 2017 kampuni ya Dove ilionyesha tangazo fupi: mwanamke mweusi anavua fulana, na mara anatokea mwanamke mweupe, naye akivua, anatokea wa tatu. Watu wengi walikasirika, wakakumbuka matangazo ya sabuni ya karne ya 19, ambamo mtoto mweusi huoshwa akawa mweupe. Kampuni iliomba radhi. Tazameni basi: mtu mweusi alikuwamo katika picha, na bado kosa likatendeka. Uso peke yake hauwezi kumzuia mwenye kalamu. Afaaye ni yule aketiye mezani wakati shauri linapokatwa, naye ana uwezo wa kusema, "Hili halifai."

Yuko mtu wa kuigwa. Thomas Burrell alianza kazi katika kampuni moja ya matangazo mjini Chicago kwa kugawa barua za ofisini. Akapanda hadi kuwa mwandishi wa matangazo, na mwaka 1971 akaanzisha kampuni yake. Alifundisha kwamba watu weusi si watu weupe waliopakwa rangi. Wana maisha yao na fahari yao, na mwenye kutaka kuwauzia kitu hana budi kuwajua. Kampuni kubwa kama McDonald's na Coca-Cola zilimpa kazi.

Ndugu zangu, mtoto anayefundishwa na picha kuichukia ngozi yake hupata hasara isiyolipwa kwa fedha. Kwa hiyo, ninyi mnaojua kuchora na kutunga, msidhani kazi hii ni ya wengine. Nanyi mliotutangulia, mlio na maofisi na maduka, wapeni vijana nafasi ya kujifunza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mezani penye matangazo tumekuwa wageni siku nyingi mno.